Ndigana kali, herufi nne na ndama wa Ufipa

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuandika historia ya kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukipa heshima ya kuitwa historia. Sio habari za watemi wa Nkansi na Lyangalile, wala za wamisionari wa Karema. Hizo zina siku yake. Leo ni historia ya programu za kompyuta zilizo kwenye mtandao, ambazo unazipa protini, nazo zinakurudishia DNA. Unabandika herufi zako, unachagua kiumbe unayetaka aitengeneze hiyo protini, unabonyeza kitufe, na kabla chai haijapoa una jeni iliyoandikwa upya, tayari kuagizwa kiwandani.

Najua mtauliza: mwandishi wa habari wa Sumbawanga na jeni, wapi na wapi? Tena mji wenyewe jina lake watu wanalitafsiri kuwa "tupa uchawi", na kila nikifika Dar lazima mtu anitanie kama nimekuja na ungo au na basi. Sasa nikianza kusema kuna watu wanachukua kiumbe wakarudi nyuma mpaka kwenye maandishi yaliyomuumba, si ndio nitakuwa nimejimaliza kabisa? Lakini jibu langu ni fupi. Jibu ni ng'ombe.

Uwanda wa Ufipa uko juu, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi na Bonde la Rukwa mashariki. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi ulitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayolisha nchi kwa mahindi. Watu husifu mahindi, wanasahau nani aliyelima. Huku kwetu shamba hulimwa kwa plau, na plau huvutwa na maksai. Ndama dume akifa mwezi wa tatu, si nyama tu iliyopotea. Ni ekari ambazo hazitalimwa miaka mitatu ijayo.

Na kinachoua ndama, pamoja na mengine, ni ndigana kali. Mjomba wangu anafuga ng'ombe wachache kijijini. Mwaka mmoja alipoteza ndama watatu ndani ya mwezi. Nilimuuliza kwenye simu, "Mjomba, alianzaje huyu wa mwisho?" Akanieleza kama daktari: tezi chini ya sikio zimevimba, kisha za begani, joto limepanda, macho yanatoa machozi, halafu pumzi. "Pumzi ikianza kukoroma, mjomba, usihangaike tena na dawa, tafuta kisu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya mbolea. Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Ugonjwa huu una historia yetu ndani yake, tena mpaka kwenye jina. Kwa Kiingereza unaitwa homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani hiyo ni ya kwetu. Robert Koch, yule Mjerumani mashuhuri wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Katika damu ya ng'ombe aliona vimelea vidogo sana, akadhani ni sehemu ya homa nyingine ya kupe iliyokwisha kujulikana Marekani. Kumbe alikuwa anatazama kitu kingine. Miaka michache baadaye, baada ya sotoka kumaliza mifugo kusini mwa Afrika, ng'ombe wa kuziba pengo walisafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu hadi Beira, na kutoka hapo wakaingia Rhodesia. Walifika na kupe wao. Ng'ombe wa huko, ambao damu yao haikuwahi kukutana na kitu hicho, walianguka kwa maelfu. Ndipo Koch akaitwa tena, Arnold Theiler akafanya utafiti wake Afrika Kusini, na Charles Lounsbury akathibitisha kwamba mbebaji ni kupe wa kahawia anayependa kujificha sikioni. Kimelea kikaitwa Theileria parva. Jina la Theiler likabaki kwenye kimelea, jina la pwani yetu likabaki kwenye ugonjwa.

Chanjo ipo, na hii nayo ni hadithi ya Afrika Mashariki. Ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kwa msaada wa shirika la FAO. Mbinu yake inashangaza kwa ujasiri. Unamwambukiza ng'ombe ugonjwa wenyewe, kimelea hai, na papo hapo unamchoma sindano ya oksitetrasaikilini inayokaa mwilini muda mrefu. Anaugua kidogo, anapona, anapata kinga. Kimelea kinachotumika ni mchanganyiko wa aina tatu, na moja kati ya hizo asili yake ni nyati wa Serengeti. Naam, Serengeti yetu ya watalii imo ndani ya sindano hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, lakini mchanganyiko wa Muguga haukufa nayo. Umekinga ng'ombe wengi, hasa wa wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania.

Tatizo ni namna unavyotengenezwa na unavyosafiri. Ili kuupata ni lazima ufuge kupe, uwalishe kwenye ng'ombe wagonjwa, kisha uwasage. Halafu vimelea hivyo hai vinatunzwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja ukiyeyushwa una dozi za ng'ombe wengi, na lazima zote zitumike ndani ya saa chache. Kwa Mmaasai mwenye ng'ombe mia mbili zizini, mambo safi. Kwa mjomba wangu mwenye ng'ombe saba, jirani yake akiwa na wanne na mwingine akiwa ng'ambo ya mto, hesabu haikubali. Ndio maana kwa zaidi ya miaka thelathini wanasayansi wanaota chanjo ya namna nyingine: isiyo na kimelea hai, isiyo na kupe wa kusaga, ila protini moja tu ya kimelea, itengenezwe kwenye pipa kama bia, iwekwe kwenye chupa na ikae kwenye friji ya kawaida.

Hapo ndipo inaingia ile programu. Ila kwanza turudi nyuma kidogo.

Mwili wa kila kiumbe hutengeneza protini kwa kusoma DNA, na DNA ina herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi husomwa tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni, na kila kodoni inataja tofali moja la protini, yaani asidi amino. Mei 1961, huko Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walifaulu kusoma neno la kwanza la lugha hii. Desemba mwaka huohuo Tanganyika ikapata uhuru. Kufikia 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, kamusi nzima ilikuwa imekamilika, na mwaka 1968 Nirenberg, Har Gobind Khorana na Robert Holley wakapewa tuzo ya Nobel.

Kamusi hiyo ina maneno 64. Matatu kati yake maana yake ni "simama hapa". Yanabaki 61, lakini asidi amino zenyewe ni 20. Maana yake lugha hii imejaa visawe. Asidi amino iitwayo lusini ina maneno sita, ajinini sita, serini sita. Mbili tu, methionini na triptofani, ndizo zenye neno mojamoja. Kwa hiyo ukiwa na DNA unaweza kujua protini yake bila shaka yoyote. Ukiwa na protini, kurudi kwenye DNA si rahisi hivyo, kwa sababu kila hatua una njia kadhaa za kuandika kitu kilekile. Hii ni kama kuambiwa habari kwa maneno ya mtu mwingine kisha uandike barua ya mwanzo ilivyokuwa. Habari unayo, ila aliandika "tembo" au aliandika "ndovu"?

Mtu wa kawaida atasema, kuna tofauti gani, si mnyama ni yuleyule? Kwa maana, ndiyo. Kwa msomaji, hapana. Ndani ya seli kuna mtambo unaosoma kodoni na kupanga asidi amino, na kila asidi amino huletwa mtamboni na mpagazi wake. Fikirieni misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mzigo haufiki mpaka mpagazi afike. Bakteria wa tumboni aitwaye Escherichia coli, ambaye ndiye punda wa maabara zote duniani, ana wapagazi wengi wa neno CTG la lusini, na karibu nusu ya lusini zake zote huziandika hivyo. Neno AGA la ajinini analielewa, lakini wapagazi wake ni wachache. Kimelea cha malaria ya falsiparamu, kinyume chake, kinalipenda AGA kuliko maneno mengine ya ajinini. Sasa chukua jeni ya malaria kama ilivyo, mpe huyo bakteria asome. Atasoma, atakwama, atasubiri mpagazi, pengine ataacha katikati au ataweka tofali lisilo lake. Ni lugha moja, ila lafudhi zinapishana.

Na tofauti hizi si ndogo. Ramani kamili ya DNA ya kimelea cha malaria ilipochapishwa Oktoba 2002, ilionekana kuwa takribani asilimia 81 ya herufi zake ni A na T. Ramani ya Theileria parva, iliyofanywa na taasisi ya TIGR ya Marekani pamoja na ILRI ya Nairobi, ilitoka mwaka 2005. Huyu wa kwetu herufi zake za G na C ni asilimia 34 hivi, wakati kwa Escherichia coli ni kama nusu kwa nusu.

Wa kwanza kufanya kwa mkono kile ambacho programu inafanya leo walikuwa Keiichi Itakura, Arthur Riggs, Herbert Boyer na wenzao huko California, na kazi yao ilichapishwa Desemba 1977. Mwaka uleule CCM ilizaliwa, mwaka uleule Jumuiya ilikufa. Walitaka bakteria atengeneze homoni ya binadamu iitwayo somatostatini, ambayo ina asidi amino 14 tu. Hawakutafuta jeni yake mwilini. Waliichukua protini, wakarudi nyuma kwa kalamu na karatasi, wakachagua kodoni moja moja. Walichaguaje? Waliangalia virusi viitwavyo MS2, ambavyo kazi yake ni kumshambulia Escherichia coli, na ambavyo herufi zake zilikuwa zimesomwa na timu ya Walter Fiers huko Ubelgiji. Walijisemea kwamba adui anayeishi kwa kumtumikisha bakteria huyu bila shaka anajua maneno ambayo bakteria anayasoma haraka. Basi, pale ilipofaa, wakatumia maneno ya adui.

Nilikaa nikahesabu. Kwa asidi amino 14 za somatostatini, njia zote za kuiandika kwa DNA ni 393,216. Hiyo ni protini ndogo kuliko zote nilizozitaja. Wao walichagua moja, wakaitengeneza herufi kwa herufi kwa kemikali. Na bado jaribio la kwanza lilitoka sifuri, kwa sababu bakteria alikitafuna kile kiprotini kabla hakijafika popote. Ikabidi wakiunganishe na protini kubwa ya bakteria mwenyewe ili kijifiche, kisha wakikate baadaye. Ndipo kikapatikana. Ilielezwa wakati ule kwamba miligramu chache walizozipata kwa lita chache za mchuzi wa bakteria, zingehitaji ubongo wa karibu kondoo nusu milioni kwa njia ya zamani. Mwaka 1978 wakafanya vivyo hivyo kwa insulini, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Baada ya hapo kazi ikawa ya wahasibu. Mwaka 1980 Richard Grantham wa Ufaransa alionyesha kwamba kila kiumbe ana mtindo wake wa kuchagua visawe. Mwaka 1981 Toshimichi Ikemura wa Japani akaonyesha kwamba mtindo huo unafuatana na idadi ya wapagazi. Mwaka 1987 Paul Sharp na Wen-Hsiung Li wakatunga kipimo cha kuipa jeni alama kutoka sifuri hadi moja, kuonyesha imeandikwa kwa lafudhi ya kiumbe kwa kiasi gani. Wakati huohuo hazina za herufi zilikuwa zinajaa, kuanzia GenBank iliyofunguliwa mwaka 1982, na taasisi ya Kazusa ya Japani ikaweka mtandaoni majedwali ya maneno yanayopendwa na maelfu ya viumbe. Ukishakuwa na jedwali na kipimo, kazi iliyobaki ni ya kompyuta. Miaka ya 2000 programu zikamiminika, nyingi za bure. Moja ni JCat ya Wajerumani, ya mwaka 2005. Leo kila kampuni inayouza DNA ina yake kwenye tovuti.

Nimezijaribu. Huhitaji shahada, unahitaji bando tu. Nilibandika asidi amino zilezile 14 kwenye programu mbili tofauti, nikachagua Escherichia coli, nikapata majibu mawili yasiyofanana, na yote mawili ni sahihi. Programu nzuri haichagui neno linalopendwa tu. Inaepuka pia herufi zinazojirudia mno, inaepuka sehemu zitakazojikunja zikashikana kama uzi uliochanganyika, inaepuka alama ambazo mikasi ya maabara ingezikata bila kukusudiwa, na inaweka uwiano wa G na C usiwe wa kuzidi. Kisha unaagiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 herufi moja ya DNA ya kutengenezwa iligharimu dola kadhaa. Siku hizi ni senti chache za dola. Inafika kwa posta ndani ya kichupa, imekaushwa, huioni kwa macho.

Na wale mnaosema haya ni mambo ya Ulaya, nawakumbusha mwaka 2021. Julai mwaka huo Tanzania ilipokea zaidi ya dozi milioni moja za chanjo ya Janssen ya UVIKO-19, na mikoa ikagawiwa, Rukwa ikiwemo. Ndani ya chanjo ile kulikuwa na jeni ya protini ya kirusi, na jeni hiyo haikuwa imenakiliwa kama ilivyo kutoka kwa kirusi. Ilikuwa imeandikwa upya kwa maneno ambayo seli za binadamu huyasoma vizuri. Kama ulichanjwa Janssen pale Sumbawanga, basi kazi ya programu ya namna hii imeshapita begani kwako. Ungo haukuhusika.

Sasa turudi kwa ndama. Kama mambo ni mepesi hivyo, mbona mjomba bado hana chupa ya kuweka kwenye friji?

Huko Nairobi, kwenye taasisi iliyokuwa ikiitwa ILRAD na sasa ni ILRI, watafiti akiwemo Anthony Musoke na Vishvanath Nene waliikamata protini iliyo juu ya ngozi ya kimelea cha ndigana pale kinapotoka kwenye mate ya kupe. Waliiita p67. Ina asidi amino 709. Walimpa Escherichia coli aitengeneze, wakiwa wameiunganisha na kipande cha protini ya mafua, ujanja unaofanana na ule wa California. Mwaka 1992 walitangaza matokeo: kati ya ng'ombe tisa waliochanjwa, sita walikingwa. Kwa kimelea kama hiki hayo yalikuwa matumaini makubwa. Baadaye waligundua kwamba kipande cha mwisho cha protini hiyo, asidi amino 80 tu, kinaweza kufanya kazi nzuri karibu sawa na nzima. Mwaka 2005 wakachapisha matokeo ya majaribio ya kwenye malisho yenyewe, pwani na katikati ya Kenya, kupe wakiuma kama kawaida yao. Ugonjwa mkali ulipungua kwa takribani nusu.

Nusu. Kwenye karatasi ya kisayansi nusu ni habari njema. Kwa mjomba, nusu ni ndama mmoja na nusu kati ya watatu.

Hapa ndipo watu wengi, hata wasomi, wanapoielewa vibaya kompyuta. Kwa kile kipande cha asidi amino 80, njia za kukiandika kwa DNA ni namba yenye tarakimu zipatazo 39. Programu itakuchagulia moja iliyo nzuri ndani ya sekunde, na bakteria ataitengeneza protini kwa wingi. Lakini wingi si ubora. Protini si uzi tu, ni uzi uliokunjwa, na ng'ombe anatengeneza kinga dhidi ya umbo la mkunjo. Protini ya kimelea ikikunjwa ndani ya bakteria, inaweza kutoka na umbo ambalo kimelea halisi hakina. Kinga ya ng'ombe itajifunza sura ya mtu mwingine. Ndio maana mwaka 2004 watafiti wa ILRI na wa Wageningen, Uholanzi, walihamia kwenye seli za wadudu ili p67 ikunjwe inavyotakiwa.

Tena imegundulika kwamba kasi ya kusoma yenyewe ina maana. Mwaka 2007 timu ya Chava Kimchi-Sarfaty huko Marekani ilionyesha kwamba badiliko la kisawe kwa kisawe, lisilogusa hata tofali moja la protini, linaweza kubadilisha namna protini inavyofanya kazi. Pale mtambo unapopunguza mwendo, huenda ndipo protini inapopata nafasi ya kujikunja vizuri. Ukiweka maneno ya haraka mwanzo hadi mwisho, unaweza kuharibu. Mwaka 2008 Evelina Angov na wenzake wa Walter Reed, waliokuwa wakihangaika na protini za malaria, walipendekeza njia ya kati: usiandike kwa maneno ya haraka kila mahali, bali pale ambapo kimelea kilitumia neno la polepole, nawe tafuta neno la polepole la bakteria. Hata hivyo wingi wa kinga nao si ushindi. Chanjo moja ya malaria iliyotengenezwa ndani ya Escherichia coli ilijaribiwa kwa watoto wa Kombewa, magharibi mwa Kenya. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba kingamwili zilipanda sana, na watoto hawakukingwa.

Kwa hiyo mimi nimefikia hapa. Programu inajibu swali moja: tuliandikeje neno hili ili msomaji fulani alisome? Haijibu tuseme neno gani. Swali hilo la pili, la protini ipi, umbo gani, ng'ombe wa wapi, lilijibiwa nusu kwa miaka mingi ya kukamata kupe, kupima damu na kuzika ndama, na nusu iliyobaki itajibiwa hivyohivyo. Mwaka 2021 kundi la Anna Lacasta, ILRI, lilionyesha kwamba kile kipande cha p67 kikipangwa juu ya chembechembe ndogo mno za aina mbili, kinga ya ng'ombe inaongezeka. Ni hatua nzuri. Bado haijawa chupa dukani kwa muuza dawa za mifugo.

Na hapa nina neno kwa sisi vijana tuliosoma. Tumezoea kutoa vitu na kupokea vitu. Tulitoa jina la pwani, tukatoa nyati wa Serengeti, tukatoa ng'ombe wa majaribio na damu yao. Herufi za kimelea chetu ziko kwenye hazina za bure duniani, mtu yeyote Tokyo au Boston anaweza kuzishusha usiku huu. Nasi pia tunaweza, hakuna aliyetuzuia. Mwanafunzi wa SUA Morogoro au wa Nelson Mandela Arusha mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuandika jeni leo kwa ubora ambao Itakura na Boyer wangeuonea wivu mwaka 1977. Ambacho hana ni maabara ya kuijaribu, zizi la kuchanjia, na mtu serikalini wa kusaini fedha za miaka kumi bila kuuliza faida ya mwaka wa kwanza. Hayo hayapatikani kwa kubonyeza kitufe, na ndiyo tunayopaswa kuyadai tunapozungumza habari za sayansi na teknolojia, badala ya kupiga makofi kila kompyuta zinapokabidhiwa shule fulani mbele ya kamera.

Wakati tunasubiri, josho la kijiji likiwa na dawa, peleka ng'ombe. Ukiona tezi ya sikio imevimba, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, maana dawa ipo na husaidia ikiwahi. Na kama una mjomba kijijini, mpigie simu umuulize ndama wanaendeleaje.